Sanduku la Maswali: Levittown, nyumba zilizotangulia na shule zilizofuata

Katika toleo lililopita tulikitaja kwa aya moja tu kitongoji cha Levittown, kilichoko Long Island, mashariki ya jiji la New York, kama mfano wa makazi ya Marekani yaliyojengwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Aya hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala yote iliyobaki, na karibu zote zinauliza juu ya shule. Zilizouliza jambo moja nimeziunganisha, na hizi sita ndizo zilizobaki.

SWALI: Ndugu Mhariri, kila nisomapo habari za elimu ya Marekani nakutana na maneno "wilaya ya shule". Je, hiyo ni wilaya ya utawala kama wilaya nyingine? Na inakuwaje mtaa mmoja kama Levittown uwe na wilaya mbili? (Mwalimu mstaafu)

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Jina ndilo linalopotosha. Katika jimbo la New York wilaya ya shule si ngazi ya serikali kuu iliyoshushwa chini, bali ni chombo kinachosimama peke yake kwa kazi moja tu, yaani kuendesha shule za umma za eneo lake. Ina mipaka yake, bodi yake inayochaguliwa na wakazi, msimamizi mkuu aliyeajiriwa na bodi hiyo, na, jambo lililo kubwa kuliko yote, ina mamlaka ya kutoza kodi ya nyumba na ardhi na ya kukopa fedha za kujengea. Mipaka yake hailazimiki kufuata mipaka ya mji. Kaunti ya Nassau, ambamo Levittown imo, ina wilaya za shule 56.

Wilaya nyingi za aina hiyo zilichorwa zamani, nchi ilipokuwa mashamba na kila kundi la wakulima lilikuwa na kijishule chake. Nyumba za Levittown zilipoanza kuota katika miaka ya 1940, ziliivuka mistari hiyo kana kwamba haipo. Matokeo yake ni kwamba nyumba mbili za mjenzi mmoja, zenye ramani moja na paa la mteremko mmoja, ziliweza kuangukia wilaya tofauti. Nyingi zimo katika wilaya ya Levittown, nyingine katika wilaya ya Island Trees, na za pembezoni katika wilaya za jirani. Island Trees, kwa taarifa yako, ndilo jina lililotumika mahali hapo kabla ya mjenzi kupaita kwa jina la ukoo wake.

Utaona pia kwamba jina rasmi la wilaya hizo lina maneno mawili ya ziada, "muungano" na "bure". Ni masalia ya sheria ya jimbo ya mwaka 1853 iliyoruhusu wilaya ndogo ndogo kuungana ili ziweze kuwa na shule kubwa zaidi. Wakati huo wazazi katika sehemu nyingi za jimbo walikuwa bado wakilipa ada kwa siku alizohudhuria mtoto, na ada hiyo haikufutwa jimbo zima mpaka mwaka 1867. Kwa hiyo neno "bure" katika jina lile lilikuwa habari kubwa siku zake.

SWALI: Mhariri, mliandika kwamba nyumba zilijengwa kwa kasi ya kiwanda. Mimi ni mama wa watoto wanne, na swali langu ni la kimama: hao watoto walisomea wapi, na nani alilipia madarasa?

JIBU: Dada yangu, umegusa penyewe. Ukilijibu swali hilo, mengine yote yaliyowapata watu wa Levittown kwa miaka thelathini iliyofuata yanaeleweka.

Kwanza kasi yenyewe. Mwaka 1947 kampuni ya Levitt and Sons, ikiongozwa na William Levitt, ilitangaza kwamba ingejenga nyumba 2,000 za kupangisha kwa ajili ya askari waliorudi vitani, juu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya viazi. Wapangaji wa kwanza waliingia Oktoba mwaka huo huo kwa kodi ya dola 60 kwa mwezi. Kazi ya ujenzi ilikatwa vipande 26, na kila kikosi cha mafundi kilijua kipande chake tu: hawa wanamwaga zege la sakafu, wale wanasimamisha fremu, wengine wanapaka rangi, wote wakihama kutoka kiwanja hadi kiwanja huku nyumba zikiwa zimetulia mahali pake. Kazi ilipochanganya, nyumba zipatazo 30 zilikamilika kwa siku moja. Kufikia mwaka 1951 zilikuwa zimejengwa 17,447. Nyumba ya mwanzo ilikuwa na vyumba viwili vya kulala na eneo la futi za mraba 750, juu ya bamba la zege lililopitishiwa mabomba ya maji ya moto, katika kiwanja cha futi 60 kwa 100. Mwaka 1949 aina mpya ilianza kuuzwa kwa dola 7,990, na askari aliyekuwa na haki ya mkopo chini ya sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliorudi vitani hakuhitaji akiba kubwa ili kuinunua.

Sasa tazama kwa jicho la mtunza hazina. Katika kila nyumba ameingia kijana na mkewe, wote hawajafika miaka 35, na mtoto mmoja mgongoni na mwingine njiani. Mjenzi aliweka maduka, viwanja vya michezo na mabwawa tisa ya kuogelea, lakini mzigo wa shule ulibaki kwa wilaya, na wilaya haikuwa na pa kuupeleka ila kwa hao hao wenye nyumba. Kiwanda kikubwa hulipa kodi ya ardhi bila kuleta mtoto hata mmoja darasani. Nyumba ndogo yenye watoto watatu hulipa kodi kidogo na kudai viti vitatu. Levittown ilikuwa na maelfu ya nyumba ndogo na karibu haikuwa na viwanda. Hapo ndipo pancha ilipoanzia.

Wilaya ilikopa. Katika mfumo wa New York, wilaya ya aina hii inapotaka kujenga huwauliza wapiga kura wake kama wanakubali kuuza hati za deni, na deni hilo hulipwa kwa kodi ya nyumba kwa miaka mingi. Wakazi wapya, ambao bado walikuwa wanalipia nyumba, wakajikuta wanalipia na madarasa yaliyoinuka moja baada ya jingine katikati ya mitaa yao. Katika vitongoji vya Long Island vya miaka hiyo kusoma kwa zamu lilikuwa jambo la kawaida, kundi moja likiingia asubuhi na jingine likishika viti vile vile mchana, kwa kuwa watoto walizaliwa upesi kuliko zege lilivyokauka.

Kisha mambo yakageuka. Watoto walikua wakaondoka, wazazi wakabaki. Sensa ya mwaka 1960 ilihesabu watu zaidi ya 65,000 katika Levittown, na ile ya mwaka 1980 ikahesabu takribani 57,000, na pengo hilo lilionekana zaidi darasani kuliko mahali pengine. Shule zilizokopewa kwa jasho zikaanza kufungwa. Sekondari iliyoitwa Levittown Memorial ilipoteza wanafunzi wake, na jengo lake leo ni kituo cha elimu chenye ofisi za wilaya. Mimi huona ukatili fulani katika hesabu hiyo, kwamba mtu alipe kodi miaka ishirini kwa ajili ya darasa, na siku anapomaliza deni darasa linageuzwa ofisi.

SWALI: Je, ni kweli kwamba watu weusi walikatazwa kuishi Levittown? Kama ni kweli, shule zake zilikuwa za wazungu peke yao kwa sheria?

JIBU: Sehemu ya kwanza ni kweli, na ilikuwa imeandikwa. Kifungu cha 25 cha mkataba wa kupanga kilimtaka mpangaji asiruhusu nyumba itumiwe au ikaliwe na mtu yeyote asiye mzungu, isipokuwa mtumishi wa nyumbani. Soma tena mwisho wa kifungu hicho: mwanamke mweusi aliweza kulala chini ya paa lile akiwa mpishi, lakini si akiwa mwenye nyumba. Idara ya shirikisho iliyodhamini mikopo ya nyumba katika miaka hiyo ilikuwa ikiridhia mikataba ya namna hiyo.

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Shelley v. Kraemer iliyotoka jimbo la Missouri, iliamua kwamba mahakama haziwezi kutumika kuyatekeleza makubaliano hayo ya ubaguzi. Maneno yaliondolewa katika mikataba ya Levittown, lakini mwenye nyumba aliendelea kuchagua wa kumpangisha. Baada ya hukumu hiyo, familia mbili za kizungu zilizokuwa zimepanga zilikataliwa kuongezewa mkataba baada ya kuwaalika watoto weusi kuja kucheza na watoto wao. Kosa lilikuwa hilo tu, watoto kucheza uani.

Sehemu ya pili ya swali lako ndiyo inayohitaji uangalifu. Hapana, wakati huo New York haikuwa na sheria ya kuwatenga watoto mashuleni. Kwa hiyo hukumu ya Brown ya mwaka 1954, iliyopiga marufuku shule za kutenganisha watoto kwa rangi, haikukuta kitu cha kufuta katika Levittown. Hakuna afisa wa shule aliyemzuia mtoto mweusi mlangoni, kwa sababu alikwisha kuzuiliwa na wakala wa nyumba. Shule ilipokea watoto wa wakazi wake wote, na wakazi wake walikwisha kuchujwa.

Kisheria mlango wa kurekebisha hali hiyo ulibanwa zaidi mwaka 1974, katika kesi ya Milliken v. Bradley iliyohusu jiji la Detroit. Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ilikataa kuziingiza wilaya za vitongoji katika mpango wa kuchanganya wanafunzi wa jiji, ikiwa haijathibitishwa kwamba wilaya hizo zenyewe zilishiriki kusababisha utengano. Tangu hapo mstari wa wilaya, uliochorwa kwa ajili ya watoto wa wakulima, umekuwa na nguvu kuliko mstari wa rangi ulioandikwa katika mkataba, kwa kuwa huu wa kwanza ni halali. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 ilikataza ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba, na leo wakazi wenye asili ya Amerika ya Kilatini na ya Asia ni sehemu inayoonekana wazi ya Levittown. Wakazi weusi wamebaki wachache sana. Nyumba iliyouzwa kwa bei ndogo mwaka 1949 imekwisha kupanda thamani mara nyingi, na aliyenyimwa nafasi siku zile hakunyimwa nyumba tu, alinyimwa na urithi wa kumwachia mwanawe.

SWALI: Nimesikia kwamba wilaya ya Levittown iliishtaki serikali ya jimbo kwa sababu ya fedha. Ilikuwaje kitongoji chenye nyumba na magari kijiite maskini? Na ilishinda?

JIBU: Haikushinda. Lakini ilishindwa kwa namna iliyokuja kuwafaa wengine.

Levittown haikudai kwamba watu wake ni maskini. Ilidai kwamba wilaya yake ni maskini, na hayo ni mambo mawili. Fedha za shule hutoka katika mifuko miwili mikubwa, kodi ya nyumba inayotozwa na wilaya yenyewe na ruzuku ya jimbo, na fungu la serikali ya shirikisho ni dogo. Wilaya yenye kituo kikubwa cha biashara au majumba ya kifahari inaweza kutoza kiwango kidogo na bado ikajaza hazina. Wilaya yenye nyumba ndogo tupu hutoza kiwango kikubwa na kuambulia kidogo kwa kila mwanafunzi. Ruzuku ya jimbo ilipaswa kusawazisha, lakini haikufika huko.

Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kusema, katika kesi ya San Antonio iliyotoka Texas, kwamba elimu si haki ya msingi chini ya katiba ya shirikisho. Wadai wakageukia katiba za majimbo. Mwaka 1974 Levittown na wilaya nyingine kadhaa zilifungua kesi dhidi ya kamishna wa elimu wa New York, Ewald Nyquist, na miji mikubwa ya New York, Buffalo, Rochester na Syracuse ikajiunga. Huo ulikuwa muungano wa ajabu kidogo: kitongoji kilichojengwa na watu waliolikimbia jiji kikasimama kizimbani bega kwa bega na jiji lenyewe. Mahakama ya kwanza iliwapa ushindi mwaka 1978.

Mwaka huo huo, nikuongezee kwa kifupi, walimu wa Levittown waligoma kwa majuma kadhaa, ingawa sheria ya jimbo ya mwaka 1967 inawakataza watumishi wa umma kugoma na inamkata mgomaji ujira wa siku mbili kwa kila siku moja ya mgomo. Hazina ikikauka, ugomvi huanzia kwenye mishahara.

Juni 1982 Mahakama ya Rufani ya New York, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika jimbo hilo, iliipindua hukumu ile. Majaji walikiri kwamba tofauti za fedha kati ya wilaya ni kubwa, lakini wakasema kwamba ibara ya katiba inayolitaka jimbo liwe na shule za bure kwa watoto wote haikuahidi usawa wa matumizi; kilichoahidiwa ni elimu ya msingi iliyo timamu. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufani.

Sasa angalia jinsi maneno yanavyomrudi mwenyewe. Majaji walitumia maneno hayo, "elimu ya msingi iliyo timamu", ili kuifunga kesi. Mwaka 1995 mahakama hiyo hiyo, katika kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya watoto wa shule za jiji la New York, ilisema kwamba kama hiyo ndiyo ahadi, basi mtoto asiyeipata ana haki ya kudai. Kesi hiyo iliendelea mpaka mwaka 2006, na mwaka 2007 jimbo likaanzisha utaratibu mpya wa ruzuku unaozingatia umaskini wa watoto na uwezo wa wilaya. Ulichukua zaidi ya miaka kumi na mitano kulipwa kwa ukamilifu, lakini mzizi wake umo katika kesi iliyopotezwa na kitongoji kile cha viazi.

Kodi ya nyumba haijaondoka. Kila Jumanne ya tatu ya mwezi wa Mei wakazi wa vitongoji vya New York hupigia kura bajeti ya wilaya yao na wajumbe wa bodi. Sheria ya mwaka 2011 imeweka ukomo: ongezeko la jumla la kodi lisizidi asilimia 2 au kiwango cha mfumko wa bei, kipi kilicho kidogo, pamoja na hesabu ndogo ndogo za kurekebisha, na bodi inayotaka kuuvuka ukomo huo lazima ipate kura za asilimia 60. Bajeti ikikataliwa mara mbili, wilaya haiwezi kuongeza kodi hata senti mwaka huo. Kwa kuwa Levittown haina meya wala baraza la mji, nadhani siku hiyo ya Mei ndiyo siku ambayo kitongoji hicho hukaribia zaidi kujitawala.

SWALI: Je, ile kesi maarufu ya vitabu vya maktaba ilitokea Levittown?

JIBU: Ilitokea kwa jirani yake, wilaya ya Island Trees, ingawa shule zinazohusika ziko pale pale katika makazi ya Levittown. Kisa chenyewe kina tukio moja dogo ambalo ningependa ulione.

Septemba 1975 wajumbe watatu wa bodi, akiwemo mwenyekiti, walihudhuria mkutano wa chama cha wazazi wenye msimamo wa kihafidhina na kurudi na orodha ya vitabu vilivyodaiwa kuwa havifai. Usiku mmoja wa Novemba, kukiwa na shughuli shuleni, wawili kati yao walimwomba mtumishi wa zamu awafungulie maktaba ya sekondari. Wakasimama mbele ya kabati la kadi, lile lenye droo ndefu nyembamba, wakilinganisha kadi moja moja na orodha waliyoshika mkononi. Ilikuja kubainika kwamba tisa kati ya vitabu vya orodha vilikuwamo katika maktaba hiyo, kimoja kilikuwa katika shule ya kati, na kimoja kilifundishwa katika darasa la fasihi. Vingi vilikuwa vya waandishi wanaoheshimika, wakiwemo waandishi weusi.

Februari 1976 bodi iliagiza viondolewe rafuni. Habari zilipofika magazetini, ikatoa taarifa ikiviita vitabu hivyo vya kuipinga Marekani, vya kuupinga Ukristo, vya kuwachukia Wayahudi, na vichafu tu. Kisha ikateua kamati ya wazazi wanne na watumishi wanne wa shule ili ivisome. Kamati ilishauri vitabu vitano vibaki na viwili viondolewe, na juu ya vilivyosalia haikuwa na kauli moja. Bodi iliupuuza ushauri wa kamati iliyoiunda yenyewe: ikarudisha kitabu kimoja, kingine kwa ruhusa ya mzazi, na tisa ikaviondoa.

Wanafunzi watano, Steven Pico akiwa wa kwanza katika majina, walishtaki mwaka 1977. Shauri lilipanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo iliamua Juni 1982, mwezi ule ule Levittown ilipopoteza kesi yake ya fedha huko mahakama ya jimbo. Kwa kura tano dhidi ya nne majaji walisema kesi isifungwe bali irudi kusikilizwa, ingawa hao watano hawakukubaliana sababu. Jaji William Brennan, akiandika kwa niaba ya baadhi yao, alieleza kwamba bodi ina uhuru mpana wa kusimamia shule, lakini haiwezi kukiondoa kitabu katika maktaba kwa sababu tu haipendi mawazo yaliyomo. Kwa kuwa hakukuwa na maelezo yaliyoungwa mkono na wengi, mahakama za chini zimegawanyika mpaka leo juu ya uzito wa hukumu hiyo, na kila mara vitabu vinapoondolewa shuleni mawakili wa pande zote mbili huinukuu. Kesi ya Island Trees yenyewe haikurudi kusikilizwa, kwa sababu Agosti 1982 bodi ilipiga kura kuvirudisha vitabu.

SWALI: Mhariri, mtoto wa marehemu dada yangu amehamia Levittown na mumewe na watoto wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka kumi na tano. Kiingereza chao ni cha kubabaisha. Watapangiwa shule gani, na waende na nini mkononi? (Mjomba mwenye wasiwasi)

JIBU: Mjomba, wasiwasi wako una mahali, lakini mlango ni mpana kuliko unavyodhani.

Kwanza wajue wako upande gani wa mstari, maana neno "Levittown" katika anwani ya barua halithibitishi wilaya. Ofisi ya usajili ya wilaya itawaambia wakitaja mtaa na namba ya nyumba. Wakiwa katika wilaya ya Levittown, mtoto wa miaka saba ataingia mojawapo ya shule za msingi sita, nazo ni Abbey Lane, East Broadway, Gardiners Avenue, Lee Road, Northside au Summit Lane. Nyingi zina jina la barabara, na hilo ni jambo jema kwa mgeni. Baada ya hapo kuna shule za kati mbili, Wisdom Lane na Jonas E. Salk, hii ya pili ikiwa na jina la daktari ambaye chanjo yake ya polio iliidhinishwa mwaka 1955, wakati watoto wa Levittown walikuwa wamejaa tele. Sekondari ni mbili pia, Division Avenue na General Douglas MacArthur, na huko ndiko atakakokwenda huyo wa miaka kumi na mitano, kwa kadiri ya mtaa wao. Wakiwa upande wa Island Trees, wilaya ni ndogo zaidi na ina sekondari moja tu.

Shule hazina ada. Kwa sheria ya New York mtu aliyetimiza miaka mitano na hajatimiza miaka 21, ambaye hajapata cheti cha sekondari, ana haki ya kusoma bure katika wilaya anayoishi. Waende na kitu kinachoonyesha wanapoishi, kwa mfano mkataba wa kupanga, au maandishi ya mwenye nyumba kama wamekaribishwa kwa ndugu, na kitu kinachoonyesha umri wa mtoto, pamoja na kadi za chanjo. Chanjo zisichukuliwe kwa wepesi, kwa sababu tangu mwaka 2019 jimbo hilo halikubali tena msamaha wa sababu za dini. Kama rekodi za shule ya zamani zipo wazibebe, lakini kukosekana kwake si sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani. Wakishaomba, mtoto anatakiwa aanze masomo siku ya shule inayofuata au mapema iwezekanavyo, huku wilaya ikiwa na siku tatu za kazi za kukagua ushahidi wa makazi.

Kuna jambo ambalo wageni wengi huliogopa bila kulisema. Mwaka huo huo wa 1982, Juni hiyo hiyo, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Plyler v. Doe kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya umma kwa sababu hana kibali cha kuishi nchini. Kanuni za New York zinaikataza wilaya kuuliza hali ya uhamiaji au namba ya hifadhi ya jamii wakati wa kumsajili mtoto. Wakikuta fomu yenye nafasi hiyo wanaweza kuiacha wazi.

Kuhusu lugha, watapewa kwanza kujaza dodoso la lugha inayosemwa nyumbani. Wasijibu kwamba ni Kiingereza kwa kuona haya. Jibu la kweli ndilo litakalowapeleka watoto kwenye jaribio la kupima Kiingereza chao, na mtoto atakayeonekana anahitaji msaada atapewa vipindi maalumu bila malipo. Yule mkubwa ndiye wa kumwahi, kwa kuwa cheti cha sekondari cha New York hupatikana kwa kukusanya alama za masomo na kufaulu mitihani ya jimbo, na kila muhula anaokaa nyumbani akisubiri Kiingereza kinyooke unapunguza muda wake. Siku ya usajili aombe kuonana na mshauri wa wanafunzi, na awe na orodha ya masomo yote aliyokwisha kuyamaliza.